Ovaroli Nyuma ya Mlango

Tarehe 2, mwezi wa tano

Mwanangu Nati,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, nami naomba zikukute umekula. Sisi huku hatujambo, ila mimi na wasiwasi wangu, na huo unaujua, tumezaliwa pacha.

Bibi yako anakusalimu. Goti linamsumbua lakini mdomo mzima, juzi kamwambia muuza maziwa kwamba ng'ombe wake anaogelea sana. Dada yako anakusalimu, mtoto ameota jino na mtu wa kujaribia ni mimi. Mjomba wako fundi cherehani anakusalimu, bado hajaoa, bado anasema anachagua. Mpangaji wa chumba cha uani, yule seremala mpole, naye anakusalimu. Hakusema kitu, lakini nimemsemea.

Basi mwanangu, nimekuandikia kwa kuwa simu yako ukishapita milima haishiki, napiga naambiwa na yule mwanamke kwamba hupatikani, na mimi sipendi anavyolisema neno hilo. Barua hii nimempa dereva wa basi la mizigo akuachie kwenye zahanati utakayopimia watu macho. Mwandiko wangu unachechemea, usome polepole.

Ninachotaka kujua ni habari za Konokono, hilo gari lako. Gari la kulala si mchezo. Baba yako, Mungu amrehemu, alilijenga kutoka basi bovu, akaweka kitanda na jiko na kabati la miwani yako, kisha akafa kabla hajalala humo hata mara moja. Sasa unalala wewe. Je, unatoa maji kwenye filta kila asubuhi kabla hujawasha? Mimi gari silijui, lakini nimelala na fundi wa dizeli ujana wangu wote, maneno yake yameniganda kama harufu. Alikuwa akisema maji yakiingia kwenye pampu gari linakufa bila kuaga. Unafungua ile koki chini ya kile kikombe cha kioo, unakinga kwa chupa, maji yanatangulia, ukiona dizeli safi unafunga, unapiga pampu ya mkono kutoa hewa. Na filta ukibadilisha usiijaze dizeli chafu. Unaona, nayajua yote, mkono tu ndio haujui.

Jambo jingine dogo. Ovaroli ya baba yako bado ipo nyuma ya mlango wa chumbani, ile ya bluu iliyopungua kifungo. Jumanne niliamka nikasikia harufu ya dizeli chumba kizima. Nikaigusa, mkono wa kulia umelowa mpaka kwenye kiwiko. Nadhani mjomba wako aliiazima akatengeneza kibatari chake akairudisha kimya kimya. Nimemuuliza, ameapa hakuigusa. Mwongo yule tangu tumboni.

Nijibu upesi.

Mama yako

*

Tarehe 13, mwezi wa tano

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala. Mwambie Bibi miwani yake mipya iko tayari, ataona maji ndani ya maziwa hata kama muuzaji yuko njiani bado. Dada namsalimu, na mtoto aendelee kung'ata, meno ni ya kazi hiyo. Mjomba mwambie atachagua mpaka wachaguliwe wote.

Kazi inakwenda. Jana nilimvika mzee mmoja miwani, akamtazama mkewe muda mrefu, akasema, "Kumbe umezeeka?" Mke akaniambia, "Mvue upesi kabla sijamvua mimi."

Konokono hajambo. Mafuta ya huku ni ya mapipa, machafu, kwenye kikombe cha filta naona utelezi mweusi kama mlenda uliooza. Lakini usiwe na wasiwasi. Siku hizi kazi ya asubuhi imekuwa nyepesi. Asubuhi nyingine naamka, nakuta maji yameshatolewa, chupa imewekwa kwenye ngazi ya mlango na kifuniko chake, maji chini, dizeli juu, mstari umenyooka. Nawasha, gari linaitika mara moja. Sikupanga nikuandikie hili lakini najua utafurahi kwamba filta inatunzwa.

Nakwenda mbele kidogo, vijiji havina mpima macho tangu viumbwe.

Wako,
Nati

*

Tarehe 21, mwezi wa tano

Mwanangu Nati,

Salamu nimezifikisha kwa wote. Mjomba wako alicheka kisha akanuna. Bibi yako anataka miwani hiyo hata leo.

Sasa mwanangu tuongee mimi na wewe. Huyo anayekutolea maji kwenye filta asubuhi ni nani? Umeandika "yameshatolewa", umeandika "imewekwa", unapitapita pembeni kama mtu anayemkwepa mbwa aliyelala. Mtu anaamka kabla yako, anaingia chini ya gari lako, anakuachia chupa mlangoni. Huyo si jirani, mwanangu. Huyo ana nia. Ana kwao? Ana kazi, au kazi yake ni wewe? Sikatai. Umri wako unaruhusu, na baba yako naye alinianza hivyo hivyo, alikuja kutengeneza mashine ya kusaga ya jirani, ikawa kila siku ina ugonjwa mpya. Lakini mtu mwema huja mchana akasalimu. Bibi yako anasema kama ni fundi, mshike. Mimi nasema kwanza nimwone macho yake, wewe si ndiyo kazi yako?

Mambo ya huku. Ile ovaroli imelowa tena. Alhamisi ile, kisha Jumatatu, kisha juzi Jumatano. Nimeifua kwa sabuni ya mche, nikaianika kutwa, ikakauka ikawa ngumu kama ubao. Nikaitundika pale pale. Asubuhi mkono wa kulia unadondosha matone sakafuni. Mjomba wako nimemsingizia bure, usiku wa kuamkia Jumatano alilala kwa rafiki yake. Seremala nimemuuliza kwa adabu, akasema, "Mama, mimi nachonga mbao, dizeli naitoa wapi?" Dada yako anasema labda ukuta una unyevu. Ukuta gani unatoa dizeli, mwanangu, si tungekuwa matajiri.

Mimi nimeamua ni ile harufu ya zamani inatoka polepole. Nguo ya fundi inakunywa mafuta miaka na miaka. Ndivyo ninavyojiambia.

Niambie jina la huyo mtu.

Mama yako

*

Tarehe 30, mwezi wa tano

Mama,

Shikamoo. Hakuna mwanamume.

Nilikuwa nimeegesha mahali pasipo na nyumba. Jioni nilinyunyiza unga wa ngano chini kuzunguka gari lote, nikafunga mlango. Asubuhi unga ulikuwa laini kama nilivyouacha, haukuwa na alama hata ya mjusi. Chupa ilikuwa kwenye ngazi, imejaa, imefungwa. Nilipogusa mpini wa pampu ya mkono, Mama, ulikuwa na joto, na jua lilikuwa halijafika upande huo.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Umesema Jumanne, Alhamisi, Jumatatu, Jumatano. Siku hizo hizo ndizo nilizokuta chupa mlangoni. Siku nyingine nilikuwa nimelala kwenye uwanja wa zahanati karibu na watu, na siku hizo sikukuta kitu, nilitoa maji mwenyewe.

Naomba usiogope, na naomba usimpe mtu ovaroli. Mimi siogopi tena. Asubuhi ile ya unga nilirudi ndani nikafunga mlango, lakini sasa nikiona chupa nasema, "Asante, Baba," nachemsha chai. Hakuwahi kulala ndani ya Konokono. Acha alitunze basi.

Kesho naingia uwanda, ule mrefu. Ng'ambo kuna watu hawajapimwa macho maisha yao. Mafuta yatakuwa mabaya zaidi, lakini nina fundi.

Nati

*

Tarehe 12, mwezi wa sita

Mwanangu,

Leo sina salamu za watu. Wote wapo, wote wamekaa hapa wananitazama nikiandika.

Jana alikuja dereva wa lori dukani kwa mjomba wako, kiti chake kimepasuka anataka kishonewe. Akawa anapiga hadithi, anasema katikati ya uwanda alimkuta dada mmoja mpima macho amekaa kwenye kivuli cha gari lake la kulala, midomo imepasuka, chupa ya maji ya mwisho anailamba. Tangi tupu. Koki ya filta iko wazi, dizeli yote imekwenda mchangani, mchanga mweusi. Anasema alikupa dumu la dizeli na maji, ukamwomba asiwaambie watu kwenu. Yeye hakujua kwenu ni hapa. Mjomba wako aliinuka na sindano mkononi akaja mbio nyumbani, hata kiatu kimoja hana.

Umenificha, mwanangu. Sikugombezi. Nitakugombeza ukifika. Sasa nisikilize, kwa kuwa nami nimekuficha.

Asubuhi ya tarehe 4 niliamka nikaona ovaroli imelowa yote. Mikono yote miwili, kifua, mpaka mabegani. Inadondosha, dizeli imetambaa sakafuni mpaka chini ya kitanda changu. Nikaitoa. Nilimpa seremala, nikamwambia vaa, nguo nzima hii. Akaipokea kwa furaha. Kesho yake amesimama mlangoni kaishika kwa vidole viwili, anasema, "Mama, chukua nguo yako. Mimi nimezoea kulala peke yangu." Nikamuuliza umeona nini, akasema hakuona kitu, ila asubuhi hakuikuta kwenye msumari alipoitundika. Aliikuta imesimama mlangoni. Sikumwuliza nguo inasimamaje. Bibi yako alisema tuichome, kisha akalia, ni nguo ya mwanawe.

Sasa nimekaa na akili yangu hii ndogo nikafikiri. Baba yako alikuwa anafungua koki na kusubiri. Kinachomfanya afunge ni macho yake kuona dizeli imetakata. Hiyo ya mapipa, mwanangu, haitakati. Hata ikimwagika yote haitakati. Na yeye anasubiri itakate. Hana nia mbaya. Ameinama pale anasubiri, na wewe umelala juu yake unasema nina fundi.

Usimwambie aende. Ukimwambia fundi aache kazi nusu, hasikii. Baba yako alikuwa na homa ile ya mwisho, hawezi kushika kijiko, bado anauliza gari la nani halijatolewa maji.

Lakini kuna kitu hukijui kwa kuwa wewe ulifundishwa nyumbani, hukufanya kazi karakana. Pale kwao mafundi walikuwa wengi na magari mengi, wakawa wanarudia kazi ya mtu au wanairuka. Wakaweka sheria. Aliyemaliza filta anatundika tambara kwenye kioo cha pembeni, upande wa dereva. Gari lenye tambara mtu haligusi. Gari lisilo na tambara halijafanyiwa, hata ukimwapia. Mpaka hapa nyumbani tuliishi hivyo. Mimi nikishafunga geti natundika tambara kwenye kitasa cha mlango, yeye akiliona anageuka upande wa pili analala. Nikisahau, anainuka kwenda kutikisa geti, hata mvua inyeshe.

Wewe uko peke yako, hujawahi kutundika. Anafika anaona kioo kitupu. Anaona kazi haijafanywa. Ndiyo maana anaifanya.

Basi fanya hivi. Jioni ukishaegesha, toa maji mwenyewe, kwa mkono wako, mpaka uridhike. Funga koki. Piga pampu. Badilisha filta kabisa kama ni nyeusi, na mpya uijaze dizeli uliyochuja kwa kitambaa safi. Kisha chukua tambara, futia koki ile ile, ulitundike kwenye kioo cha upande wa dereva. Tambara safi hawalitambui, lazima liwe na mafuta. Usiseme kitu. Lala.

Na usivuke tena uwanda kabla hujaniandikia. Nakuomba kama mama, na kama hutaki kuombwa basi nakuamuru. Jibu lako mpe yule yule dereva wa lori anayekuletea hii, mjomba wako hajamrudishia kiti chake, kwa hiyo atarudi.

Mama yako

*

Tarehe 25, mwezi wa sita

Mama yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Nilificha kwa kuwa nilijua ungekuja kwa miguu.

Barua yako ilinikuta kwenye zahanati ya ng'ambo. Niliisoma nimesimama. Jioni ile, tarehe 16, nilikwenda nikaegesha mbali kidogo na watu, kusudi, nikafanya kama ulivyosema. Filta niliyoitoa ilikuwa nzito kama mtoto, nyeusi, imejaa ule mlenda. Nikaweka mpya. Nilifungua nati ya juu ya filta, nikapiga pampu mpaka mapovu yakaisha. Nikafuta koki, nikatundika tambara.

Asubuhi ngazi ilikuwa tupu. Tambara lilikuwa kwenye kioo. Nilikuwa nimelitundika kwa pembe moja, lakini nililikuta limekunjwa mara mbili, limeninginizwa katikati, ncha zimelingana. Ni hivyo tu. Koki haikuguswa. Kwenye kikombe cha kioo palikuwa na maji kama kina cha kidole, yamekaa yananisubiri mimi.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo. Kisha nikalala chini ya gari nikayatoa mwenyewe.

Tangu siku hiyo natundika kila jioni. Sijakuta chupa tena. Tambara nalo siku hizi nalikuta nilivyoliacha, kwa pembe moja. Nadhani ameridhika. Nimevuka uwanda kurudi upande huu kabla sijakuandikia, na hilo nisamehe, lakini Konokono hakukohoa hata mara moja. Natoa maji, nasikiliza injini, nasikia kama mimi ndiye fundi.

Ovaroli ikoje?

Nati

*

Tarehe 8, mwezi wa saba

Mwanangu Nati, fundi wangu,

Salamu sana. Bibi yako hajambo, amevaa miwani uliyomtumia, sasa kamwona muuza maziwa vizuri na anasema ni mzuri wa sura, amemsamehe. Dada yako hajambo, mtoto ana meno mawili. Mjomba wako hajambo, anataka kumwoa dada wa dereva wa lori, amemaliza kuchagua. Seremala hajambo, ila siku hizi mlango wa chumba chake ameuwekea komeo la pili.

Umeniuliza ovaroli. Imekauka. Imekauka tangu siku ile uliyotundika tambara. Naigusa kila asubuhi, kavu. Nimeifua, imekuwa na rangi yake ya kwanza, bluu ile ya siku aliyoinunua. Haina harufu ya dizeli. Haina harufu ya kitu chochote, mwanangu. Ni nguo tu iliyotundikwa mlangoni.

Namshukuru Mungu uko salama. Hilo liwe la kwanza, lisikie. Usiku ule niliosikia habari za uwanda nilisema hata nisimwone tena marehemu, mradi mwanangu afike. Nililisema kwa sauti.

Lakini chumba kimekuwa kikubwa. Zile asubuhi nilikuwa naamka na hofu, kweli, moyo unaruka kama panya kwenye pipa. Ila kabla hofu haijaamka vizuri, ile harufu ilikuwa inatangulia, na kwa muda mdogo tu nilikuwa nasahau, nasogea upande wa ukutani nimpishe alale, ametoka kazini. Ndipo nakumbuka. Sasa naamka najua tangu mwanzo.

Nina ombi, na ukilikataa sitanuna. Ukifika mji mkubwa wenye kituo cha mafuta, egesha pembeni kidogo, kwa kuwa penye watu haji, ukiwa umejaza dizeli safi kabisa ya kituoni, siyo ya pipa, ile inayotakata upesi. Weka ndoo chini ya koki. Jaza dumu la akiba uliweke ndani na wewe. Chupa za maji ya kunywa nazo. Halafu jioni moja tu usitundike tambara.

Moja tu. Asubuhi yake utatundika, na hatutarudia.

Ukisikia pampu ya mkono inapigwa huko chini, usishuke, usichungulie dirishani. Mwambie ukiwa humo humo kitandani kwamba kile kifungo cha ovaroli Mama amekishona, kwa uzi wa bluu. Geti mwambie nalifunga mwenyewe.

Niandikie ni jioni gani, niandikie mapema ili barua itangulie, nisije nikalala fofofo asubuhi hiyo ikanipita. Dereva wa lori anaingia huko Ijumaa, sasa ni shemeji, hawezi kukataa kungoja ukimaliza kuandika. Nijibu upesi, mwanangu, usilale nayo.

Mama yako